Maiti Mwenye Shati la Baba Neema

Acha nijicheke kabla hamjanicheka. Juzi sisi manesi wa dharura tulifanya mazoezi ya maafa uwanjani Bombambili, eti basi limepinduka. Majirani walilala chini wakijifanya majeruhi. Mwenye kitambaa chekundu ahudumiwe kwanza. Mwenye cheusi amekufa, umpite. Sheria hiyo niliikariri kuliko wote.

Nikamwona maiti mmoja kalala kifudifudi, kavaa shati la mitumba la mistari ya kijani. Shati kama hilo ndilo aliloondoka nalo mume wangu, Baba Neema, alipokwenda Dar kufanya biashara, si ndiyo miaka ya ruksa hii, kila mtu karuhusiwa kuuza na kununua. Tangu hapo kimya.

Miguu ikanipeleka. Nikapiga magoti, nikamshika mkono. Wenye vitambaa vyekundu wakapiga kelele, "Nesi, tunakufa huku!" Sikubanduka.

"Sista," maiti akanong'ona, "mimi nimeshakufa. Nenda kwa wenzangu."

"Nyamaza, Baba Neema," nikamwambia, ingawa sauti haikuwa yake.

Filimbi ikalia. Mkufunzi akanisimamia, uwanja mzima ukitazama.

"Nesi, huyu ana kitambaa cheusi! Muda wote huu unamfanyia nini?"

"Namsubiri," nikajibu.