Gari Lililotokea Konani Bila Dereva

Waliokuwepo: Wanjohi, mwenyekiti wa klabu yetu na mwenye gari. Linah Mideva, dereva wake. Kiprop, dereva wa akiba. Mimi, Mwalimu Murunga, mshika bendera; bila ishara yangu hakuna gari linaloondoka. Na watu wa Yamumbi, waliokuja na viti vyao vya plastiki kutazama magari yakishindana kwenye uwanja wa udongo wa murram.

Sote tuliona jambo lile lile. Gari lilitokea kwenye kona ya mwisho likiwa halina dereva.

Sitanii. Injini inanguruma, vumbi linapanda, na nyuma ya usukani hakuna kichwa.

"Woi! Hiyo gari inaendeshwa na nani?" akapiga kelele mama mmoja, akajificha nyuma ya kiti chake.

"Mwalimu, hiyo si ya kawaida," Kiprop akaninong'oneza. "Hiyo inataka pasta, si mekanika."

Gari likaparamia ukuta wa matairi, likazimika.

Nikakimbia, nikafungua mlango. Linah alikuwa ameteleza kwenye kiti hadi magoti yakabanwa chini ya dashibodi. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umempanda tumboni. Mikanda ya mabegani ilikuwa shingoni. Mikono yake bado ilishika usukani, juu ya kichwa chake, kama mtu anayening'inia kwenye tawi.

"Usinivute," akasema kwa shida. "Fungua mkanda kwanza."

Nikaufungua. Akatoka akikohoa, shingo ina mistari miwili myekundu.

Hapo Wanjohi akafika. Hakumwuliza hali. Aliinama, akachungulia ndani ya gari, akauliza, "Kiti kimechanika?"

Mimi ni mtu mpole. Nimefundisha fizikia miaka mingi na sijawahi kumrushia mwanafunzi hata chaki. Lakini swali lile lilinichemsha damu.

"Mtu wako anakohoa," nikamwambia, "nawe unauliza kiti?"

"Mwalimu, mimi nilisema mapema. Huyu akiona kona anafunga macho. Kiprop! Shika helmeti. Raundi inayofuata ni yako."

Kwa kanuni zetu, dereva akiondolewa katikati ya shindano, msimu wake umekwisha. Linah alikuwa amengoja misimu miwili, akisukuma magari ya wenzake na kuwaoshea vioo, kabla ya kupewa usukani.

"Sikufunga macho, Chairman," akasema. "Nikikanyaga breki, hiyo kiti inanitema. Si nilikuambia tangu mazoezi? Inateleza kama sabuni!"

"Kiti ni ya mashindano kabisa, imetoka Japani. Shida ni wewe umekonda. Kula ugali, mama."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Gari likifunga breki, mwili wako hauna habari. Unaendelea na safari yake. Ndiyo sababu kiti cha mashindano hukubana mbavu, mikanda minne ikakushika mabega na nyonga, na wa tano ukapita katikati ya mapaja ili usichomoke kwa chini.

"Mkanda wa tano uko wapi?" nikauliza. Gari lile alikuwa amelikagua Wanjohi mwenyewe, maana mwenyekiti ndiye mkaguzi wetu.

Akashusha sauti. "Mwalimu, wewe ni mzee wa kanisa. Mama wa watu, mkanda unapita hapo, na wazee wanatazama? Niliona tuweke heshima."

Akina mama kadhaa waliokuwa wamesogea karibu wakasikia, wakatikisa vichwa kukubali.

"Mimi nimevaa ovaroli mpaka kwa kifundo," Linah akajibu. "Heshima gani hiyo inakaba mtu shingo?"

Niliingia garini nikaketi.

Kiti kikalia chini yangu. Krr-krr.

Sauti ile naijua. Kapsoya ninakoishi, sebule nyingi zina sofa inayolia hivyo. Imevikwa nailoni ya dukani tangu iliponunuliwa; mgeni anaketi akitokwa jasho, na mwenye nyumba hataki kuitoa.

Nikatoka, nikafungua zipu ya kava jekundu la klabu. Chini yake kulikuwa na nailoni ya kiwandani, inang'aa. Na chini ya nailoni kulikuwa na mkanda wa tano, umekunjwa na kufungwa kwa raba, haujaguswa. Usingeweza kutoka bila nailoni kutobolewa.

"Kumbe heshima ni ya kiti," nikasema.

Wanjohi akajikuna kidevu. "Nielewe, Mwalimu. Siku nikiuza gari, mnunuzi akiona nailoni anajua kitu ni mpya. Ukitoboa tu, imekuwa mitumba."

Linah huuza mitumba mtaani Huruma.

"Na hii shingo yangu, Chairman? Ikivunjika, utaiuza kama mpya ama mitumba?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Kiprop aliiweka helmeti juu ya boneti, polepole.

"Mzee, hapo mimi siingii."

Ndugu msomaji, ukinunua kitu kikulinde, kiache kichakae kwa kazi hiyo. Ukianza kukilinda wewe, kuna mtu mwingine atakayeumia badala yake.

Nilipanda juu ya tairi, nikainua bendera iliyokunjwa, nikawatangazia wote:

"Bendera hii haitapepea leo mpaka kila kiti kifunguliwe kava, na nailoni ikiwepo ichanwe hadharani. Kuanzia sasa hakuna atakayekagua gari lake mwenyewe. Raundi ya Linah imefutwa. Atapimwa na muuguzi kwanza; akiruhusiwa, na mwenyewe akitaka, atairudia, na nitavuta mikanda yake kwa mikono yangu. Akisogea kitini, hatuanzi. Tutaanza na kiti hiki. Mwenyekiti, njoo uchukue kisu. Utachana wewe."