Dua ya Abiria wa Edgware Road

Usiniambie niliota. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua la London lile la kubahatisha lipo, nami akili zangu timamu. Kazi yangu ni kuwahamishia watu vyombo kwa gari kuukuu la mizigo, la dizeli, na gari hilo ndilo lililokuwa likinichelewesha kwenda kumwona mama yangu Tanga. Kila nikilitia barabarani, kamera za kunasa magari ya hewa chafu, zilizo juu ya milingoti, hupiga picha namba, natozwa tozo ya siku. Nauli ya nyumbani ikawa inaishia kwenye milingoti.

Siku hiyo nilishusha mzigo Edgware Road, narudi kwangu Ilford. Mama mmoja wa makamo, mtandio wa kijani, mfuko wa nyama mkononi, akagonga kioo. Akanisalimu kwa Kiswahili cha Unguja, akaomba nimsogeze. Ningemwachaje? Lakini mimi mtoto wa Tanga, nilimtazama miguu kwanza. Hakuna kwato. Raba nyeupe, safi kabisa. Nikajiona mjanja, nikamfungulia mlango.

Njiani hakuuliza habari zangu, aliuliza za kamera tu. Kile juu ya mlingoti chatazama nini? Nami mdomo wangu hauna breki, nikamwaga yote: tozo, nauli, mama.

"Mbona hakipepesi?" akauliza.

Nikacheka. Wewe usingecheka?

Karibu na Ilford akasema hapa patosha. Nikasimama. Akaniwekea mkono kichwani, mkono wa baridi kama umetoka kwenye friji, akaniombea: "Mungu akufiche, mwanangu. Jicho lisilopepesa lisikuone wewe wala chombo chako, maishani mwako."

"Amin," nikasema. Ndivyo nilivyolelewa, dua ikitoka kinywani mwa mtu mzima unaitikia, huipimi. Nikatupa jicho kwenye kioo cha pembeni kuona kama gari linakuja, kisha nikamgeukia nimuage. Kiti kitupu. Mlango haukufunguliwa, na mkanda bado umefungwa.

Niamini, tangu siku ile sijatozwa tena. Nilikuwa napita katikati ya jiji makusudi, nazipungia kamera mkono. Nilifurahi, sitaficha. Mpaka Ijumaa nilipompigia mama simu ya video, kama kawaida yetu. Akasema sauti anaisikia, lakini anachoona ni kochi. Nikabadilisha simu, nikawasha taa zote. Kochi. Nikaenda kupiga picha ya pasipoti, maana yangu ilikuwa imekwisha muda. Mpiga picha akajaribu na kujaribu, halafu akaniomba kwa adabu nitoke dukani kwake. Bila picha hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna ndege.

Nauli sasa ninayo, imekaa tu. Mama alichoka kuzungumza na kochi, mwezi uliopita akanisomea hitima kama marehemu. Nilipiga simu watu wakiwa kwenye pilau. Nikamwapia kuwa mimi ni mzima, nafanya kazi, nakula, nalala. Akasema taratibu, "Kama ni wewe, nionyeshe uso."

Nililia, na kilio changu alikisikia.

Basi nawe, ukiombewa na mtu usiyemjua, isikilize dua mpaka mwisho kabla hujaitikia. Ukishaitikia, imekwenda.