Funguo Ishirini na Nne za Mwalimu Severini

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kisarawe, mwanangu, na hadi leo ikinijia nakunja uso.

Mwalimu wetu wa kwaya pale Kibaha, marehemu Mwalimu Severini, alinipa kitabu cha kinanda cha Wajerumani wa kale: prelyudi na fyuga, jozi moja kwa kila ufunguo, yaani kila ngazi ya sauti wimbo unapoweza kukalia. Prelyudi inafungua mlango. Fyuga ni sauti moja kutangulia na nyingine kuidaka kwa maneno yaleyale, kama mawifi wanaosutana. Nikahesabu jozi: ishirini na nne. Nikahesabu tena. Hazikupungua.

"Mwalimu, nipunguzie. Nipige sita."

"Ishirini na nne."

"Basi kumi, na kanisa nitafagia."

"Kufagia ni zamu yako hata sasa. Ishirini na nne."

Nikajifunza moja, ya C, isiyodai vibao vyeusi vingi. Nyingine za nini? Kinanda chetu cha umeme kilikuwa na kitufe: unapiga C, unabonyeza, sauti inatoka kwa ufunguo wowote uutakao. Nikajiona mjanja kuliko kitabu. Nanyi leo mnabonyeza vivyo hivyo, tena nikisema mnanicheka!

Basi dada yangu Felista akaolewa Kisarawe, akataka nimpigie mimi wimbo wa kuingilia. Ulikuwa wa ufunguo wa A bemoli, wenye vibao vyeusi vinne. Kafika mlangoni na shela yake, umeme ukakatika. Wakanisogezea kinanda cha kukanyaga, kikongwe, hakina kitufe hata cha dawa. Vidole vikakimbilia C. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakapanda mpaka wakakosa pa kushika, wakanyamaza mmoja mmoja. Felista akasimama katikati ya kanisa. Watu wanamtazama yeye, yeye ananitazama mimi. Mwalimu, aliyekuja na kwaya yetu, akanisukuma kwa kiuno, akakaa, akapiga A bemoli bila karatasi. Dada akaendelea kutembea.

"Kaka," aliniuliza ukumbini, "ulikuwa unanisindikiza au unanifukuza?"

Mwalimu hakunigombeza. "Zimebaki ishirini na tatu," alisema. "Jumatatu, saa kumi." Zilinichukua miaka sita, na yote sita nilinung'unika.

Mwanangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kigumu ukikikwepa hakiondoki. Kinakaa kukungoja, na aghalabu huchagua siku ya mtu umpendaye. Jifunze kwa vidole vyako mwenyewe, kabla hujaitwa mbele za watu. Mungu akujalie mwalimu asiyekubali bei yako, na umri wa kutosha kurudi kumshukuru.