Chupa Kumi na Mbili za Tian Kiziwi

Sheria ya alama za biashara ya Uchina inatamka, kwa utulivu unaostahili heshima, kwamba alama iliyosajiliwa ikikaa miaka mitatu mfululizo bila kutumika na bila sababu ya maana, mtu yeyote anaweza kuomba ifutwe. Yaani jina ni la kufanyia kazi, si la kuatamia.

Tian Suqiong, muuza achari ya pilipili wa Zunyi, aliipenda sheria hiyo tangu siku aliyosomewa. Duka lake liliitwa Tian Kiziwi, jina ambalo wateja walimbandika marehemu baba yake, kwa sababu bila kupiga kelele hupimiwi kitu. Miaka arobaini hakuna aliyewaza kulisajili. Nani husajili utani? Kisha soko la mtandaoni likamfungia. Jina, aliambiwa, ni mali ya bwana Kuang wa mji mwingine, aliyesajili majina mia mbili na kumi ya watu wengine na hata kinu kimoja cha pilipili hana.

"Tuseme aliiba," alisema Suqiong.

"Shangazi, muda wa kudai hivyo ni miaka mitano tangu jina lisajiliwe, na umepita," alijibu Ou, binti aliyekuwa wakala wake wa alama. "Tumebaki na hii ya miaka mitatu. Hajauza kitu huyo."

"Atauza nini? Mate yake?"

Waliomba ifutwe, haikufutwa. Wakaomba mapitio, ndipo wakapata nakala ya ushahidi wa Kuang: stakabadhi moja ya mauzo na picha ya chupa kumi na mbili.

Suqiong aliitazama picha kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu, kisha akatambua kwamba unywele ni wake.

"Chupa zangu hizi!"

Alikumbuka. Majira ya baridi ya mwaka juzi, kabla ya Mwaka Mpya, mteja mmoja mpole aliagiza chupa kumi na mbili za zawadi, akaja na lebo zake mwenyewe, kama wafanyavyo wengi. Lebo zilikuwa na jina la duka kwa herufi za dhahabu. Suqiong aliona ameheshimiwa. "Dada Mkubwa, bandika wewe, una mkono mzuri," alisema yule mtu. Akabandika zote, akampunguzia na bei.

"Achari si yangu?"

"Sheria haiulizi nani alikatakata pilipili, Shangazi. Kwa karatasi, wewe ulikuwa kiwanda chake."

"Mimi? Kiwanda cha kupe?"

"Na lebo ulibandika wewe."

"Nyamaza, mwanangu, nisije nikatapika kwenye mkoba wako."

Alimpigia Kuang simu. Sauti ilikuwa ileile, laini kama mafuta yaliyochacha.

"Dada Mkubwa! Achari yako haina mfano."

"Umeionja?"

"Aa, tumbo langu na pilipili haviivi. Lakini jina naweza kukukodishia, tufanye kindugu."

Suqiong alikata simu, akaipangusa kwa tambara la meza, kisha akalitupa tambara.

Uamuzi wa mapitio ulifika mwezi wa tano: alama ilitumika kwa kweli, kwa uwazi, na katika soko, ibaki. Suqiong alipanda ngazi mwenyewe akaling'oa bango la baba yake. Siku hizi mlango wake umeandikwa "Achari", basi.

Mnunuzi anayetajwa kwenye ile stakabadhi ya Kuang ni shemeji yake. Anauza matairi.