Wigi Langu Lilivyobaki Hekaluni

Ndiyo, ni mimi yule msusi wa Albert Park, hapa Durban, aliyerudi kutoka India na kipara, na kabla hujacheka (najua utacheka) acha nieleze mwenyewe, maana mtaani wanaitia chumvi.

Tulikwenda mimi na mume wangu, Papa Grâce, kununua nywele za saluni, na siku ya mwisho, maboksi yameshafungwa, tukasema leo tutembee tu tuone nchi. Tukafika hekalu moja kubwa, tukavua viatu, yeye akabaki uani anapiga picha, mimi nikachungulia ukumbi wa pembeni. Nywele! Ndefu, za kweli, malundo! Foleni ilikuwepo, nami nikaingia, na kila aliyetoka na kipara nikasema huyo ameshauza zake. (Kumbe ni waumini, wanamtolea mungu wao nywele.) Zamu yangu nikakaa, nikavua wigi nimwonyeshe kinyozi kwamba nataka za aina hii. Akatabasamu, akalitupa kwenye lundo, akanimwagia maji, na kabla sijapata sauti wembe ulishapita katikati, toka paji hadi kisogo. Sasa ungeinuka hivyohivyo? Ukiyavulia maji nguo, yaoge. Nikamwacha amalize, na wigi sikurudishiwa, kilichotolewa kimetolewa.

Papa Grâce alishika mdomo. "Mama Grâce! Mama ya saluni bila nywele, nani atakuachia kichwa yake? Na kanisani tutasema nini?"

Hilo la saluni ndilo lililonichoma, kwa sababu saluni ndiyo inayotulisha. Nikajifunga kitambaa mpaka Durban. Pale uwanja wa ndege joto likanizidi, nikakivua: kwani nimeiba? Nikatangulia, Papa Grâce akabaki na watu wa forodha wakikagua maboksi.

Nje wifi yangu Mado alikuwa anatungoja na wamama wa kanisa. Akaona kipara, akatazama nyuma yangu, hakuna kaka. Na kwetu mwanamke hunyoa akifiwa na mume.

"Yoo! Kaka yangu amekufa!" Akajitupa chini, wamama wote wakapokea kilio, walinzi wakaja mbio, na mimi nikipiga kelele kwamba yuko hai hakuna anayesikia. Ndipo marehemu akatokea anasukuma maboksi.

"Eish, iko nini? Nani amekufa?"

Abiria walicheka mpaka wakasahau mizigo. Basi, foleni nisiyojua mwisho wake siingii tena, naapa. Lakini kitambaa sikukirudisha kichwani. Jumapili nilikaa kanisani kiti cha mbele, kichwa kinang'aa, na Jumatatu nikafungua saluni vilevile. Anayetaka kunicheka, kiti kipo: akae, acheke, nimsuke.