Akamwani Kabla ya Komunyo

Mimi nina mdomo. Mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa, na mama yake alilijua muda mfupi baadaye. Kwa hiyo nikisema kwamba asubuhi ya sikukuu ya Ekaristi niliamka na hasira, anayenifahamu hatashangaa. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza siku hiyo, na nguo yake nyeupe ilikuwa imenyeshewa kwenye kamba.

Tangu Kwaresma alikuwa akitoka shule anapitiliza kwenye mafundisho. Pasaka ikapita, Pentekoste ikapita, yeye bado anakariri sala huku anaosha vyombo, mpaka na mimi nikazikumbuka zile nilizokuwa nimezisahau. Katekista wao ni mkali. Aliwaambia kwamba siku hiyo, tangu kuamka, wasitie kitu mdomoni isipokuwa maji, na kwamba atakayepokea akiwa amekula atakuwa amemkosea Yesu siku ya kwanza tu ya kukutana naye. Sheria ya Kanisa inadai kufunga saa moja tu kabla ya kupokea, lakini nani abishane na katekista? Mtoto aliyashika maneno yale vilevile. Asubuhi hiyo hata mswaki alipiga kwa woga.

Tulipofika kanisani Buhembe kutoka Kashai, mama mkwe alikuwa ameshafika. Alikuwa ametoka Nshamba alfajiri, kwa gari la kwanza. Yeye ni Mlutheri. Mwanawe alipokelewa katika Kanisa letu tulipofunga ndoa, na sijawahi kumsikia akilalamika. Kila mjukuu akibatizwa anakuja, anakaa kwenye benchi letu na kitambaa chake kichwani, anasubiri mpaka mwisho.

Binti yangu alimkimbilia, akapiga goti kumwamkia, nguo ameishikilia isiguse tope. Bibi akafungua kipande cha jani la mgomba, akatoa akamwani, zile kahawa kavu tunazotafuna, akampa. Kwetu akamwani haikataliwi. Anayekupa amekukaribisha, na sijamsikia Mhaya akiita kule kutafuna kula. Mtoto alipokea kwa mikono miwili, akatia mdomoni. Nilipomwona taya zilikuwa zinafanya kazi.

"Tema," nilimwambia.

Akatema kwenye kiganja changu. Macho yake yalikuwa yananiuliza, na badala ya kuyajibu nikasema, "Umeshakula. Umeharibu kila kitu."

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini ulimi hauna mfupa. Nilimgeukia mama mkwe, sijamwamkia hata, nikasema mbele ya wazazi wenzangu wa shule, "Nyie Walutheri hakuna mnachokiheshimu. Kwenu mkate ni mkate tu."

Alilikunja lile jani taratibu, mara mbili, mara tatu. "Sikujua, mwanangu," alisema. Katekista akawaita watoto wapange mstari, na binti yangu akaenda bila kugeuka.

Ndani kulijaa, tukakaa bega kwa bega, mimi na mama mkwe. Mume wangu alikuwa kwenye kwaya. Wimbo wa mwanzo ulipoisha hasira ilikuwa imeshuka, na akili ikarudi kazini. Ile kahawa aliitafuna saa nne kasoro. Kwa kwaya ile, na kwa mahubiri ya padri wetu ambayo siku zote huwa nayanung'unikia, Komunyo isingefika kabla ya saa tano na nusu. Saa moja ingekuwa imepita zamani. Mtoto hakuwa na kosa lolote, na mimi niliyejua hilo nilikuwa mabenchi kumi na mawili nyuma yake.

Nilikohoa. Nilijaribu kupitia mlango wa pembeni nimfikie, katekista akanionyesha kwa mkono nirudi. Watoto wenzake waligeuka kuwatafuta mama zao, wakatabasamu. Yeye hakugeuka hata mara moja. Niliona shela tu, na mabega yaliyopanda karibu na masikio. Nilimwomba Mungu mtoto aangalie nyuma. Sikumbuki kama niliomba kingine chochote katika Misa ile.

Watoto wakaanza kupokea. Wa kwanza, wa pili, wa tano. Zamu yake ikafika.

"Mwili wa Kristo," alisema padri.

Padri akarudia. Binti yangu alikuwa ameubana mdomo, anatikisa kichwa, na machozi yanashuka mpaka kwenye kola. Minong'ono ikaanza nyuma yangu. Nilisimama. Sijui niliwakanyaga wangapi, lakini nilipita katikati ya kanisa mpaka mbele.

"Baba, hana kosa," nilisema. "Alitafuna akamwani kabla ya Misa, mimi nikamwambia ameharibu. Saa moja ya kufunga imeshapita. Kosa ni langu."

Padri aliinama hadi usawa wa uso wa mtoto. "Umesikia alichosema mama?"

Binti yangu aliniangalia kwanza, kwa muda mrefu, kama mtu anayepima deni la mkopaji sugu. Kisha akafungua mdomo.

Nilirudi kwenye benchi. Waumini wengine walianza kutoka kwenda kupokea, wakipita mbele ya magoti yetu. Mama mkwe alinigusa mkono.

"Nenda basi, mstari unasogea."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

Nilishindwa kulisema kwa Kihaya. Nikalisema kwa Kiswahili, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu: "Nimelitukana kanisa lako mbele za watu. Nitapokeaje?"

Aliligeuza lile jani mkononi. Wimbo wa Komunyo uliisha, kwaya ikaanza mwingine. Nilidhani hatajibu, na niliona ana haki.

"Mimi nilikusamehe kule kule nje," alisema hatimaye. "Kama nisingekusamehe, ningepanda gari nirudi Nshamba. Ulidhani nimekaa hapa kwa sababu gani? Nenda."

Nikasimama. Padri alikuwa ameshazirudisha hostia na kufunga tabernakulo.