Hapana Niliyomwambia Mwenye Malori

Mwanangu, siku hizi nasahau hata miwani nimeiweka wapi, lakini ipo siku moja ambayo bado ninayo yote kichwani. Ni siku mwenye malori wa Tunduma alipofika nyumbani kwetu Mbozi na wazee wawili na mzigo wa zawadi, na ukoo mzima ukaamini amekuja kunichumbia.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha uhasibu Dar es Salaam. Msichana wa kwanza kutoka vijiji vya kwetu kufika huko nilikuwa mimi, na nalisema bila kuona haya, kwa kuwa umri huu unaniruhusu kujisifu kidogo. Ada yangu ilitoka kwenye kahawa ya baba na mchango wa kanisa, hivyo sikufungwa na mkataba wa mtu yeyote. Nilirudi na cheti, viatu vya ngozi, na barua ya ajira ya shirika moja la umma huko huko Dar: mshahara mnono, nyumba ya shirika, ofisi ya ghorofani. Walitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Baba yangu, Mzee Yoeli, alikuwa mzee wa kanisa asiyependa maneno mengi, lakini barua ile aliwasomea hata watu waliokuwa wanapita tu kwenda kisimani.

Basi asubuhi hiyo lori likasimama mbele ya nyumba. Akashuka mtu mnene mwenye kanzu safi na baraghashia. Alijitambulisha kuwa anaitwa Shabani, mtu wa Kondoa aliyehamia Tunduma, mwenye malori yanayopeleka mizigo Zambia. Mfuko wa sukari ukashushwa, na doti za kitenge. Shangazi Rebeka akanivuta jikoni na kuniambia kwa Kinyiha nibadilishe gauni.

Baba aliwapokea kwa heshima. Jogoo alikamatwa, akapewa mmoja wa wale wazee wa Kiislamu amchinje mwenyewe ili wageni wale bila wasiwasi. Baada ya chakula, Mzee Shabani akajisafisha koo.

"Mzee mwenzangu, nimekuja kuomba. Nimesikia una binti aliyesoma."

"Ninaye," baba akajibu. "Lakini sisi ni Wamoraviani wa siku nyingi. Sijui jambo hili tutalipatanisha vipi na dini yako."

"Dini haina shida hapa. Atasali kwao, nami nitasali kwetu."

"Ndoa ya namna hiyo mimi siijui," baba akasema.

Mzee Shabani akamtazama, akawageukia wenzake, kisha akarudi kwa baba. "Ndoa? Mimi nina wake wawili, Mzee Yoeli, na wananitosha kabisa. Nimekuja kuomba mhasibu."

Jikoni, Shangazi Rebeka alilazimika kujiziba mdomo kwa khanga. Baba naye alicheka, jambo la nadra sana, na kicheko chake ndicho kilichofanya mazungumzo yawezekane.

Nikaitwa. Mzee Shabani akaeleza kwamba malori yalikuwa yameongezeka, na mambo yote ya biashara alikuwa anayabeba kichwani: dizeli, spea, posho za madereva, mizigo iliyovuka na iliyokwama mpakani. Kichwa kilikuwa kimejaa. Mshahara aliotaja ulikuwa mdogo kuliko wa Dar, tena bila nyumba. Nikamwomba nije kwanza kupaona, naye akasema karibu.

Ujue, mwanangu, zama zile. Ilikuwa miaka iliyofuata Azimio la Arusha. Kazi ya maana ilikuwa ya serikali au ya shirika la umma, na mtu aliyemtumikia mfanyabiashara alitazamwa kwa jicho la pembeni. Jioni hiyo hiyo balozi wetu wa nyumba kumi alifika na kuuliza mbele ya watu, "Tabitha, Taifa linahitaji wasomi, wewe unataka kwenda kumnenepesha mtu binafsi?" Nikamwambia sijaamua. Na kweli sikuwa nimeamua.

Lakini nikueleze kilichokuwa kinanisumbua juu ya Dar, jambo ambalo sikuwa nimemwambia baba. Kabla ya kupanda basi la kurudi nyumbani nilipita katika ofisi za lile shirika. Nilimuuliza ofisa utumishi kazi yangu hasa itakuwa nini. Akasema nitaelekezwa. Nikauliza kama nitapewa nafasi ya kujisomea na kufanya mitihani ya juu ya uhasibu, kwa sababu nilitaka kufika mwisho wa kazi hii. Hakuinua hata macho. "Binti, kuna wenzako wanasubiri nje. Unataka kazi, au unataka maongezi?"

Kwenye ngazi nilikutana na dada aliyenitangulia chuoni, mwenye akili kweli kweli, mtu tuliyekuwa tukimkimbilia mahesabu yalipotushinda. Nikamuuliza anafanya nini pale. Alinijibu kwa upole tu, kama mtu aliyekwisha kuzoea. "Napiga mhuri kwenye hati za malipo. Kabla ya chai napiga mhuri, baada ya chai napiga mhuri. Mshahara unaingia."

Maneno yale nilirudi nayo safari nzima mpaka Mbozi.

Siku chache baadaye mimi na baba tukashuka Tunduma. Usifikirie Tunduma hii ya leo yenye bodaboda na maghorofa. Ulikuwa mji mdogo, matope hadi kwenye kifundo cha mguu, malori yamepangana kuelekea mpakani na mapipa ya mafuta, watu wanapatana bei kwa Kiswahili, Kinamwanga na Kibemba katika sentensi moja. Ofisi ya Mzee Shabani ilikuwa chumba kimoja kilichojaa matairi. Juu ya meza palikuwa na kasha la chuma la fedha, nalo lilikuwa wazi.

Alinionyesha kila kitu bila kuficha. Nilipouliza kazi zangu alianza kuzitaja, akasahau nyingine, akamwita fundi amkumbushe. Nikaona nitakuwa na biashara nzima mikononi. Moyo wangu ukachangamka, lakini jicho langu lilibaki kwenye lile kasha.

"Mzee, fedha hizi zinatokaje?" nikauliza.

"Zinatoka nikizihitaji. Dereva akiharibikiwa njiani, natoa. Mgeni akija, natoa. Wewe utakuwa unaandika nikikwambia."

"Na usiponiambia?"

"Nitakwambia nikikumbuka."

Baba alikuwa kando yangu kwenye benchi, madereva wamesimama mlangoni, na mimi ni msichana ambaye hajawahi kupokea mshahara. Ningeweza kunyamaza, nikaingia kazini kwanza, nikatafuta njia ya kumbadilisha polepole. Wengi wangenishauri hivyo.

"Hapana, Mzee Shabani," nikamwambia. "Kwa namna hiyo sitaweza kuwa mhasibu wako. Kila anayechukua fedha atasaini kwanza, na wewe mwenyewe utasaini. Na wakati wa mitihani yangu utaniruhusu nikaifanye."

Madereva mlangoni wakatazamana. Baba akakohoa.

"Binti, fedha ni zangu," Mzee Shabani akasema.

"Fedha ni zako, Mzee. Hesabu ndiyo itakayokuwa yangu."

Adhana ya adhuhuri ilikuwa imesikika, akainuka, akatoka kwenda kusali. Tulikaa pale tukiyatazama matairi. Baada ya muda baba akanong'ona, "Tabitha, labda tuanze kuulizia gari la kurudi." Nikamwomba tusubiri kidogo. Sikuwa na uhakika wowote, mwanangu. Nilikuwa nawaza ofisi ya ghorofani na ule mhuri.

Mzee Shabani alirudi, mikono ya kanzu bado imelowa maji ya udhu. Akaketi mbele yangu.

"Nimejiuliza ni nani katika mji huu amewahi kunikatalia jambo uso kwa uso," akasema. "Sikumpata. Wote wananiambia ndiyo mzee, halafu dizeli inapungua." Akalifunga kasha, akalisukuma upande wangu wa meza. "Hizo karatasi za kusaini utazileta lini?"

Njiani kurudi nyumbani, tulipoikaribia Vwawa, baba akanigeukia.

"Mshahara wa Dar ulikuwa mkubwa," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na nyumba. Na mimi nilishawatangazia watu."

"Najua, baba. Nisamehe."

Akatazama migomba na mikahawa ikipita. Kisha akasema, "Nitawatangazia tena. Nitawaambia nimemwona binti yangu akizungumza na mtu mkubwa, na sauti yake haikutetemeka." Ilikuwa imetetemeka, lakini kama yeye hakuisikia, mimi ni nani nimsahihishe baba yangu?

Sikudanganyi kwamba mambo yalinyooka. Mwaka wa kwanza nilitamani kukimbia. Nguo zangu zilinuka dizeli hata baada ya kufuliwa. Alikuwapo dereva mmoja mzee aliyeapa kwamba hatasaini mbele ya mwanamke, na akaenda kushtaki kwa tajiri. Mzee Shabani akamuuliza, "Mimi nimesaini asubuhi. Wewe ni nani?" Mambo yakaishia hapo. Nilipanga kwa mama mmoja Mnamwanga, mwanakwaya, aliyenipa chumba na kunifundisha Kibemba cha sokoni. Nilipofaulu mtihani wangu wa mwisho wa uhasibu, Mzee Shabani alichinja mbuzi, akamtumia baba gari aje ale, na tangu hapo yeye na baba wakawa kama ndugu mpaka kifo kilipowatenganisha.

Miaka ikapita, ikafika ile ya msako wa wahujumu uchumi. Hukuikuta, shukuru. Bidhaa zilikuwa zimeadimika nchi nzima, sabuni ikiuzwa kwa kificho, na katika mji wa mpakani kila mwenye gari alionekana mkosaji. Wapo waliotupa mali usiku mtoni. Wapo waliokimbia. Wakaguzi walipofika kwetu, Mzee Shabani, ambaye sasa alikuwa amezeeka na macho yamefifia, aliwaambia tu, "Mwenye hesabu ni yule pale." Wakavuta viti mbele yangu. Kila walichouliza niliwajibu, na kila nilichojibu niliwaonyesha. Lori hili lilibeba nini, dizeli ile ilikwenda wapi, sukari hii ni ya nani. Nilifanya hivyo bila kumficha mtu wala kumlinda mtu, kwa sababu hapakuwa na la kuficha. Walipomaliza, mkubwa wao akanipa mkono na kuniuliza kama ningependa kwenda kufanya kazi kwao. Nikamshukuru, nikamwambia nina kazi.

Mzee Shabani alilala kitandani kwake siku ile, na wanawe wakala chakula wakiwa na baba yao. Nimefanya mengi maishani, nimezaa, nimesomesha, nimekaa mbele katika vikao vya kanisa na vya mji, lakini nikiulizwa nilijivunia lini kuwa mhasibu, nitakutajia jioni hiyo.

Sikwambii haya ili uidharau Dar, wala mashirika makubwa. Rafiki yangu mmoja wa chuoni alikwenda kwenye shirika jingine huko, akapata mkuu mwenye moyo wa kufundisha, akapanda hadi akawa mtu wa kuheshimiwa nchini. Na wapo matajiri wa miji midogo watakaokuminya mpaka utoe chozi. Ukubwa wa jengo haukuambii kitu.

Sasa wewe umehitimu, una barua mbili mkononi, na unaniuliza ipi ina mshahara mzuri zaidi. Hilo unaweza kulisoma mwenyewe. Mimi nakushauri hivi. Nenda ukapaone mahali utakapokaa. Mtafute aliyekaa hapo kabla yako, umuulize siku yake inapitaje, umsikilize hata anaponyamaza. Uliza utajifunza nini, na kwa nani. Kisha chukua lile jambo moja ambalo huwezi kulikubali katika kazi yako, uliseme mapema, kwa adabu, kabla kalamu haijagusa mkataba. Usilifiche ukitegemea kulisema ukishazoeleka, kwa maana ukishazoeleka utakuwa umezoea na wewe. Atakayekukasirikia kisha akakuelewa, huyo unaweza kufanya naye kazi. Atakayekufukuza amekuokolea miaka. Na ukiamua, waambie wazazi wako wewe mwenyewe, usiwaache wasikie barabarani. Wataumia kidogo, halafu watakuunga mkono.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyenilea mimi akulee na wewe. Akupe kazi itakayokukuza na wakubwa watakaokusikia, akupe usingizi mzuri kila unaporudi nyumbani, na jina lako litajwe kwa wema hata mahali ambapo hupo. Amina.